Bi Salhiya na Wimbo wa Theluji

Bi Salhiya Msabah alikuwa hawezi kuona kitu kizuri akanyamaza nacho. Zamani, alipokuwa akiishi katika ile nyumba kubwa ya Kiponda yenye wapangaji wengi, redio ikipiga taarabu ya kumgusa alifungua mlango wa chumba chake wazi ili na wenziwe wasikie. Kisha alitoka mwenyewe ukumbini, upawa mkononi, akawaeleza kwa nini ubeti ule umemshika. Wenziwe walizoea. Wengine, ingawa hawakumwambia, walikuwa wakimngoja.

Nyumba ile ilipouzwa ifanywe hoteli, watu walitawanyika. Bi Maryam alikwenda Fuoni. Bi Mwanapili na mumewe walirudi kwao Bwejuu. Salhiya akapata vyumba viwili Mkunazini, si mbali na duka lake la mabuibui na mitandio pale Mlandege. Aliishi peke yake. Mume alishaachana naye siku nyingi, na mtoto wake wa pekee, Nassra, alikuwa Dar es Salaam akipamba maharusi. Nassra aliolewa na mtu aliyechaguliwa na mama yake, hakukaa naye, akadai talaka. Siku aliyorudi na sanduku lake, wakati ule bado wako Kiponda, Salhiya alimsimamia mlangoni akamwambia kwamba nyumba yake haipokei mwanamke aliyejitoa mwenyewe kwa mumewe. Nassra alilala kwa shoga yake, na asubuhi akapanda boti. Tangu hapo walikuwa wakipigiana simu sikukuu kwa sikukuu. Hujambo, sijambo, watu wa huko hawajambo, basi.

Wanawake wa nyumba ile walifungua kikundi cha WhatsApp, wakakiita Wana Kiponda. Mwanzo kilikuwa cha kuarifiana misiba na harusi. Aliyekigeuza ni Salhiya. Kila asubuhi akishafungua duka na kutundika mabuibui nje, alikaa kwenye kibao nyuma ya meza, akatafuta kitu cha kuwapelekea wenziwe. Alituma video kwanza, kisha sauti yake ikafuata.

Mara moja aliwatumia bibi mmoja wa Japani anayefagia majani mbele ya mlango wake, na majani yanaanguka palepale alipokwisha kufagia. "Mimi nlidhani ntamuonea huruma," alisema Salhiya. "Lakini mtazameni anavyoushika ufagio. Huyu hafagii majani. Huyu anatafuta sababu ya kukaa nje aone watu." Mara nyengine kilikuwa kipande cha tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, mama mkwe anamwaga supu makusudi ili mke wa mwanawe alaumiwe. "Mbaya, sikatai. Lakini huyo waliyemtia sauti ana sauti ya upole mno, kila nikitaka kumchukia nashindwa. Sasa mimi namchukia nani?" Siku moja aliwashangaza kwa wimbo wa singeli, ngoma zinakimbizana kama watu wanaofukuzwa. Alikiri kwamba maneno hakufahamu hata moja, lakini jana yake alipiga pasi mitandio yote ya duka kwa wimbo ule, na mgongo haukumuuma.

Wana Kiponda walizipenda zile sauti kuliko video zenyewe. Bi Maryam alisema yeye huzisikiliza akipika, kama zamani ukumbini.

Sasa, siku moja ya masika, mvua imewafukuza wateja, Salhiya alikuwa akipekua simu, ikatokea video ambayo hakuitafuta. Mwanamke wa makamo, Mzungu, amevaa koti zito, amesimama penye lango la ua uliojaa theluji. Mikononi ameshika kitambaa kidogo kilichokunjwa vizuri. Mbele yake, juu ya theluji, kuna alama mbili za magurudumu zinazotoka uani mpaka njia kuu. Mwanamke anaitazama njia na anaimba. Nyuma yake dirisha lina taa, lakini haonekani mtu.

Lugha haikuwa Kiingereza wala Kifaransa. Neno moja tu lilikuwa likirudiwa, na kila likija mwanamke yule alifumba macho. Salhiya alikaza sikio. Lilikuwa "rudi". Aliurejesha wimbo nyuma akausikiliza tena. Rudi, rudi.

Alibonyeza kurikodi.

"Wapenzi wangu, lugha hii siijui, lakini msikilizeni, anasema rudi. Kiswahili kitupu, sijui wamekitoa wapi. Huyu ni mama. Mtoto wake kaondoka na gari, alama zile mnaziona. Kaondoka kwa ugomvi, na aliyesema neno la mwisho ni mama, na neno lenyewe lilikuwa baya. Sasa kabaki na kinguo mkononi, hajui aombe radhi au angoje aombwe. Na baridi inampiga. Na mtoto huko aliko labda kaishika simu, anaitazama. Wote wawili wanangoja. Sasa nani aanze? Mimi nnaona mama aanze. Maana yeye ndiye aliyetangulia kumpenda mwenziwe."

Aliachilia kidole. Hakuwa amekusudia kusema maneno mengi hivyo. Alitaka kuifuta, lakini akaingia mtu kukimbia mvua akauliza mtandio wa rangi ya zambarau, na sauti ikabaki kama ilivyokwenda.

Kikundini vikaanza kuingia vile vikatuni vya machozi. Bi Maryam aliandika kwamba mchuzi wake umeungua. Salhiya alifurahi, na kesho yake akatuma video ya mtu anayechonga tikiti maji likawa waridi.

Wiki haikupita, Bi Mwanapili akazungumza. Hili lilikuwa jambo geni, kwa sababu Bi Mwanapili alikuwa kikundini kama mgeni aliyekaa karibu na mlango, alisikiliza tu. Alisema kwa sauti ya kukatika kwamba mwanawe Machano, anayefanya kazi hotelini Nungwi, alikuwa hajatia mguu nyumbani tangu alipooa mke ambaye mama hakumtaka. Yeye mwenyewe alikuwa ameapa kwamba hampigii simu. "Lakini sauti ya Salhiya nimeisikiliza nikiwa natandaza mwani, nikaisikiliza tena, nikaacha mwani, nikampigia. Nikamwambia, mwanangu njoo na mkeo. Wamekuja. Wana mtoto, wenzangu, na mimi nlikuwa simjui uso. Salhiya, Mungu akulipe."

Siku ile Salhiya aliuza vizuri bila kujua anauza nini. Aliwaeleza wenye maduka ya jirani. Ule wimbo wa theluji aliuunganisha na spika ndogo ya duka, akaupiga kutwa, hata muuza viatu wa upande wa pili akaanza kuufuatisha kwa mluzi.

Ukiwa unapigwa hivyo, akaingia Jecha. Jecha ni mtembeza watalii, mtu wa makamo, na wageni wake wengi ni wa kutoka Polandi, kwa hivyo lugha yao ameipata kwa kuizungumza nao miaka na miaka. Alikuja kumnunulia mkewe mtandio. Alisimama katikati ya duka, kichwa ameinamisha kama mtu anayenusa, kisha akatabasamu.

"Bi Salhiya, hata wewe unapenda huu wimbo wa gari?"

"Gari gani?"

"Huu unaopiga. Wageni wangu wote wanauimba. Bibi anaililia gari yake."

Salhiya alizima spika. "Jecha, usinitanie. Huyu anamlilia mtoto. Anasema rudi, na mimi nimemsikia kwa masikio yangu."

"Anasema rudi, hujakosea," alijibu Jecha taratibu, kwa kuwa aliona uso wa mwenziwe umebadilika. "Lakini kwao hiyo ni rangi. Nyekundu ile ya kutu, kama nywele za baadhi ya Wazungu. Gari yake ilikuwa ya rangi hiyo, basi ndivyo alivyoiita. Mwekundu wangu, Mwekundu wangu."

"Na kile kinguo?"

"Kitambaa cha kufutia kioo."

Salhiya alivuta kibao akakaa. Alimtaka amfasirie wimbo wote, neno kwa neno, na Jecha akafanya hivyo, mtandio wa mkewe mkononi. Gari ile ndiyo iliyompeleka mwanamke yule kwenye harusi yake. Ilikuwa ikizimika mvua ikinyesha, na mumewe akiisukuma huku anatukana. Siku moja yeye yuko sokoni, wanawe wakaiuza kwa watu wa chuma chakavu. Amerudi amekuta ua mtupu. Basi.

"Kwa hivyo ni wimbo wa kuchekesha," alisema Salhiya.

"Ndiyo. Soma maoni chini, watu wanacheka." Jecha alisogeza kidole kwenye simu, akasoma kidogo. "Ingawa huyu anasema kalia, kakumbuka gari ya marehemu baba yake. Na huyu pia."

"Sasa wanacheka au wanalia?"

"Wanacheka. Hawa wawili ndio wanaolia."

"Na mwanamke mwenyewe? Mbona hacheki?"

"Hacheki ndiyo maana inachekesha," alisema Jecha, lakini alionekana naye ameanza kutokuwa na hakika. Akanunua mtandio akaenda zake.

Salhiya alimfungia mteja buibui la mtu mrefu badala ya mfupi, akarudishiwa. Aliitazama tena video, sasa akijua. Alama za magurudumu zilikuwa za gari tu. Kitambaa kilikuwa kitambaa. Lakini mwanamke akifumba macho, Salhiya naye alijikuta amefumba yake, na hilo lilimuudhi. Unaambiwa kitu ni gari, unaona ni gari, na bado machozi yanakuja kumlilia mtoto. Mtoto gani? Alifunga simu akaitia kwenye droo.

Kilichomkosesha raha zaidi ni Bi Mwanapili. Mwanamke mzima ameacha mwani wake, amevunja kiapo chake, amepokea mkwe aliyemkataa, kwa sababu ya gari iliyouzwa kwa chuma chakavu. Akija kujua, je? Akisikia mtu anauimba pale Bwejuu, ambako watalii hawakosi, akaambiwa maana yake? Salhiya alijiona kama mtu aliyempa mwenziwe dawa akagundua baadaye kwamba chupa haikuwa na dawa. Na mgonjwa amepona. Sasa unamwambia, au unanyamaza?

Jumapili alimuachia duka muuza viatu, akaenda Bwejuu.

Alimkuta Bi Mwanapili nyuma ya nyumba anageuza mwani uliotandazwa juani. Bi Mwanapili alikuwa mkubwa kwake, na tangu arudi kwao ulimi wake umeanza kuchukua tena lafudhi ya kusini.

"Shikamoo, Bi Mwanapili."

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu. Mbona umekuja bila ya kupiga simu? Kuna msiba?"

"Hapana msiba. Nnakuja kukwambia neno."

Ndani alitoka mkwe, aliyebaki pale Machano aliporudi kazini, kijana mpole mwenye kanga kiunoni, akamtandikia mgeni jamvi kivulini. Alipoelezwa mgeni ni nani alisema, "Ndiye yule mama wa sauti?" na kabla Salhiya hajajibu, akawekewa mtoto mapajani. Mtoto alikuwa mzito na anatokwa na mate. Salhiya alilazimika kuyasema yote aliyoyajia huku anamfuta mdomo.

Aliyasema: Jecha, rangi ya kutu, kitambaa cha kioo, watu wanaocheka. Bi Mwanapili alisikiliza mikono imemtulia juu ya mwani.

"Gari," alisema mwisho.

"Gari, dada yangu. Nimekudanganya bila ya kujua. Nimekuja unisamehe."

Bi Mwanapili alifikiri. "Lakini mimi hiyo video sikuiona. Simu yangu video haifungui, inazunguka tu mpaka nachoka. Nlisikia sauti yako peke yake. Mama, mtoto, ugomvi, neno baya. Mimi nlidhani unamsema Nassra."

Salhiya aliacha kumfuta mtoto. "Nassra sikumtaja."

"Hukumtaja. Ndiyo nikasema, maskini Salhiya, leo kapata nguvu ya kulisema, ingawa kalizungusha. Siku ile Nassra alipokuja na sanduku, mimi nlikuwa ngazini na ndoo yangu. Nlisikia ulivyomwambia. Nikasema, ikiwa Salhiya anaweza kukiri mbele ya kikundi kizima kwamba mama aanze, mimi nani?"

"Mimi nlikuwa naeleza video."

"Video ni gari."

"Ndiyo, video ni gari."

Bi Mwanapili hakuwa mtu wa kushindilia maneno. Alirudi kugeuza mwani wake. Salhiya alitaka kukasirika na hakujua akasirike na nani. Na mwenziwe aliyesimama ngazini akasikia yasiyomhusu? Na yule Mzungu? Na yeye mwenyewe, aliyefungua mdomo kusifu wimbo, yakamtoka mambo ya chumbani kwake? Alikuwa na hakika kabisa kwamba siku ile hakumfikiria Nassra. Kisha akakumbuka kwamba alisema "kaishika simu, anaitazama," na kwenye video ile hapakuwa na simu yoyote.

Alikula wali na samaki wa kupaka, akamshukuru mkwe, akarudi mjini kabla ya magharibi. Bi Mwanapili, alipomsindikiza barabarani, alimwambia jambo moja tu: asimwambie Machano habari za gari, kwa sababu Machano ni mtu wa mzaha na ataisimulia Nungwi nzima.

Kikundini aliona hana budi kusema ukweli. Alituma sauti fupi, kinyume na kawaida yake: wimbo ule ni wa gari, amekosea, wamuwie radhi. Yakawa mazungumzo ya siku mbili. Wengine walicheka mpaka wakaomba utumwe tena wausikilize kwa sikio jipya. Bi Maryam alikataa katakata. Alisema huyo Jecha kajifunza Kipolandi ufukweni, kwa watu waliovaa chupi, na yeye hawezi kumuamini mbele ya alichokiona kwa macho yake. Mwengine akauliza, basi Bi Mwanapili sasa amrudishe mkwe? Kila mtu akacheka, na Bi Mwanapili, ambaye alikuwa akisikiliza kama desturi yake, akatuma picha ya mtoto.

Kwa muda Salhiya aliendelea kutuma video bila ya sauti. Akiona kitu kizuri alibonyeza kurikodi, kidole kikamganda. Alikuwa ameanza kujishuku. Yule bibi wa Japani, je, ni kweli anatafuta watu, au anafagia tu? Wenziwe wakauliza kama ana mafua.

Asubuhi moja, bila ya kukaa akapanga, aliutuma ule wimbo wa theluji kwa Nassra. Hakuandika kitu chini yake. Kabla hajajuta, jibu likaja, nalo lilikuwa sauti. Nassra alikuwa anacheka. Nyuma yake wanawake wengine walikuwa wanazungumza na kikaushio cha nywele kinavuma.

"Mama, nani kakutumia wimbo wa gari? Sisi hapa saluni tunaupiga kila siku, ule uliotiwa tafsiri."

Salhiya aliirejea sauti ile mara nyingi. Kicheko cha mwanawe hakuwa amekisikia tangu hajaolewa. Hakuweza kujua kama anachekwa yeye au unachekwa wimbo. Alitaka kusema mambo mengi, akaanza, akafuta, akaanza tena. Iliyokwenda mwisho ilikuwa hii: "Mimi nlidhani unamhusu mtoto wake."

Alama zikaonesha kwamba Nassra ameisikiliza. Halikuja jibu. Adhuhuri ikaingia, laasiri ikaingia, Salhiya akauza, akakunja, akatundua, kila mara anaigeuza simu uso juu. Alipokuwa anafunga duka ikaingia video.

Ilikuwa ni bata bukini mmoja mkubwa mweupe, katika mji usiojulikana, anaingia duka la kinyozi. Ndani watu wamekaa kwenye benchi wanangoja zamu. Bata anawatazama, anakwenda mwisho wa benchi, anasimama, anangoja na yeye. Kinyozi anaendelea kunyoa. Video imekwisha.

Salhiya aliitazama mara mbili pale mlangoni, kufuli mkononi. Hakuiona maana yake. Alimuonesha muuza viatu. Naye akacheka kidogo akasema labda bata mwenyewe ni wa kinyozi. Usiku ule Salhiya alimuandikia mwanawe kwamba ameiona lakini hakuifahamu, amueleze.

"Haina maana, mama," Nassra alijibu. "Nimeipenda tu, nikakutumia."

Hilo nalo lilimtatiza, kwa sababu maishani mwake hajapata kumtumia mtu kitu akakiacha kiende hivihivi. Lakini kesho yake alimtumia Nassra yule mtu wa tikiti maji, bila ya maelezo, na Nassra akamrejeshea mtoto wa Kihindi anayecheza ngoma juu ya sufuria. Ndivyo wanavyokwenda mpaka leo. Neno la mlangoni hakuna aliyelitaja, si mama si mtoto. Nassra amesema huenda akaja Mfunguo Mosi, Ramadhani ikisha, hakusema atafikia wapi, na Salhiya hajathubutu kuuliza. Ameufua tu ule mto wa chumba cha pili akauanika.

Kikundini sauti yake imerudi, ila sasa kabla ya kueleza husema, "Huenda nimekosea." Wana Kiponda wanasema ndiyo wanampenda zaidi hivyo, na Bi Maryam anasema ndiyo imemharibu. Ile ya bata hajawatumia. Mara mbili tatu amejaribu kuirikodia maneno, awape wenziwe, na kila mara amefika mahali bata anaposimama mwisho wa benchi, hajui aseme kwamba amekuja kunyolewa au amekuja kukaa na watu, akatelezesha kidole akaifuta.